Kuishi Baada ya Kisu

Machi 1971, Hospitali ya KCMC ilifunguliwa kaskazini mwa mji wa Moshi. Kwa wenyeji wa Old Moshi, kuanzia Kidia hadi Tsuduni, upasuaji mkubwa ulisogezwa karibu na migomba yao. Mwaka huohuo, huko Marekani, daktari mpasuaji Bernard Fisher alianza utafiti ambao ungebadilisha namna madaktari wanavyopima mafanikio ya kisu dhidi ya saratani.

Tangu miaka ya 1890, saratani ya matiti ilipasuliwa kwa njia ya William Halsted wa Baltimore. Titi lote liliondolewa, pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Wengi walibaki na bega gumu na mkono uliovimba. Katika hesabu za wapasuaji, mwanamke aliyekuwa hai baada ya miaka kadhaa aliandikwa kuwa amefanikiwa, hata kama hakuweza tena kuinua mkono kujitwisha ndoo. Mwaka 1985 Fisher na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao mwingine, yaliyoonyesha kwamba wanawake waliotolewa uvimbe bila kukatwa titi zima, kisha wakapigwa mionzi, waliishi muda sawa na waliokatwa titi zima. Ikiwa miaka ya kuishi ni ileile, basi kilichobaki kupimwa ni maisha yenyewe.

Kipimo kimoja kilikuwapo tayari. Mwaka 1949 David Karnofsky wa New York na mwenzake Joseph Burchenal walitoa ngazi ya alama kutoka 100, yaani mtu mwenye afya asiye na shida, hadi 0, yaani kifo. Ngazi hiyo ilisaidia sana na bado inatumika. Lakini anayetoa alama ni daktari. Mgonjwa anatazamwa, haulizwi.

Kumuuliza kwa utaratibu kulichukua miongo mingine. Mwaka 1993 watafiti wa shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani, EORTC, walichapisha dodoso la maswali 30 ambalo mgonjwa hulijibu mwenyewe. Je, unapata shida kubeba mfuko mzito? Kutembea mwendo mrefu? Je, ugonjwa umekuletea shida ya fedha? Maswali 28 yana majibu manne, kutoka "hapana kabisa" hadi "sana". Mawili ya mwisho yanamtaka apime afya yake na ubora wa maisha yake katika wiki iliyopita, kuanzia 1 hadi 7. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na daktari huweza kulinganisha mwezi huu na uliopita.

Dodoso hilo lilitafsiriwa kwa Kiswahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwahusisha wagonjwa 101 wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na 32 kati yao walishiriki pia mazungumzo ya vikundi. Alama zilionyesha maumivu makali, lakini pia shida kubwa ya fedha, kwa wanawake na wanaume. Katika mazungumzo wakataja chakula, maji, usafiri, maelezo ya kueleweka kuhusu ugonjwa wao, na wahudumu wenye heshima. Hakuna darubini ambayo ingeyaona hayo.

Kilimanjaro ina sababu yake ya kulijali jambo hili. Saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea katika ukanda wa Afrika Mashariki, na mkoa huu umo. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya chai ya wakazi wa Kilimanjaro: kwa wastani walianza kunywa ikiwa na nyuzi joto 70 hivi. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo.

Wengi hufika hospitali wakati chakula hakipiti tena. Wapo wanaoweza kupasuliwa na kuondolewa sehemu ya umio; wengine huwekewa mrija wa kupanua njia. Kwa wagonjwa hawa dodoso la EORTC lina maswali 18 ya nyongeza, yaliyochapishwa mwaka 2003. Yanauliza kama mtu anaweza kula chakula kigumu, chakula laini, au vinywaji tu. Nyumbani kwa Mchaga tofauti hiyo inaeleweka mara moja: kiburu, mtori, au uji mwepesi. Mtu aliyerudi kutoka kwenye uji hadi kwenye mtori amepiga hatua, na hatua hiyo inastahili kuandikwa kwenye faili lake.

Kwa asiyesoma, Afrika imeongeza njia yake. Kipimo cha chama cha Afrika cha tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, APCA, kilichochapishwa mwaka 2010, kina maswali 10: saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemuuguza. Alama ni 0 hadi 5, na zinaweza kutolewa kwa vidole vya mkono mmoja. Njia hiyo ilijaribiwa Uganda na Afrika Kusini. Bibi asiyewahi kushika kalamu anaweza kuonyesha vidole vinne, na muuguzi akajua maumivu ni makali.

Lakini alama ya baada ya upasuaji, ikiwa peke yake, haisemi mengi. Bila ile ya kabla, hatujui kama kisu kimemrudishia mtu maisha au kimempunguzia. Kwa hiyo swali liulizwe mapema, mgonjwa angali wodini akingoja zamu yake, na lirudiwe kila anaporudi kliniki. Nawe unayemsindikiza mzazi wako hospitali, mwambie daktari kabla ya operesheni anachoweza kufanya leo na anachotamani kuendelea kukifanya, kisha omba kiandikwe. Upasuaji usihesabiwe kuwa umefaulu mpaka aliyepasuliwa mwenyewe ameulizwa.