Kishindo Kinavyosomeka Kichwani

Mwaka 1860, mjini Leipzig, Gustav Fechner alidai kwamba hisia zina hesabu yake: nguvu ya sauti ikizidishwa, sikio hulipokea ongezeko hilo kama kujumlisha tu. Dai zuri, ila ubongo wenyewe hakuugusa. Aliyeugusa ni daktari wa Liverpool, Richard Caton. Mwaka 1875 alieleza jinsi alivyounganisha nyaya kwenye ubongo wa sungura na kima, na umeme mdogo mle ukasogeza doa la mwanga ukutani. Kwa binadamu tulisubiri michoro ya umeme wa ubongo ya Hans Berger wa Jena, 1929. Na miaka 10 baadaye Pauline Davis, huko Marekani, akaona michoro ya aina hiyo ikitikisika sauti inapolia.

Mtikisiko wenyewe ni maikrovolti chache, umemezwa na umeme mwingine wa kichwani kama mnong'ono ngomani. George Dawson wa London akapata dawa miaka ya 1950: rudia mlio mara nyingi, jumlisha michoro yote. Vurugu hufutana, jibu hubaki.

Hapo mambo yakaanza kuonekana. Mlio mkali ukigonga sikio, milisekunde 6 hazijaisha, shina la ubongo limekwishajibu. Upunguze mpaka usikike kwa shida, wimbi la jibu hilo hukawia hadi milisekunde 8 hivi. Kwa mawimbi hayo mtoto mchanga hupimwa usikivu akiwa usingizini. Kwangu hili ndilo tunda tamu kuliko yote.

Wimbi la gamba la ubongo, lile la milisekunde 100, ni kaidi zaidi. Stanley Smith Stevens wa Harvard alionyesha kuwa kila desibeli 10 zikiongezeka, sauti husikika kubwa takribani maradufu. Wimbi hukua pia, lakini kwenye sauti kali huelekea kugota huku mtu akiziba masikio. Tena rudia mlio kila nusu sekunde: wimbi hunywea, na mlio haujapungua hata chembe.

Sumaku ikaleta swali jingine. Tangu David Cohen aipime sumaku ya ubongo mwaka 1968, hafifu kuliko ya dunia mara mamilioni mengi, wataalamu waliweza kukadiria jibu linatoka wapi. Mwaka 1989 Christo Pantev na wenzake wa Münster wakaeleza kuwa nguvu ya sauti ikipanda, chanzo cha jibu husogea karibu zaidi na uso wa kichwa. Huenda basi tulikuwa tukipima kimo cha wimbi tu, na kumbe kishindo kimeandikwa pia mahali linapotoka.