Chunusi za kadiri: tiba ya miezi mitatu na hatari ya krimu za haraka

Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, kijana mwenye chunusi hupewa ushauri hata kabla hajauomba. Jirani atamtajia sabuni, na muuza vipodozi atamwonesha krimu inayosafisha uso kwa wiki moja. Huenda ahadi hiyo ikatimia kweli, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Chunusi hazitokani na uchafu. Homoni za balehe huchochea tezi za mafuta, vinyweleo vikaziba, bakteria waishio kwenye ngozi wakaongezeka na uvimbe ukatokea. Kuusugua uso kwa sabuni kali huzidisha uvimbe huo, na mafuta mazito ya nywele yanayoteremkia kwenye paji la uso huziba vinyweleo zaidi. Chunusi huitwa za kadiri pale vipele vilivyovimba au vyenye usaha vinapokuwa vingi usoni, pengine hata kifuani na mgongoni, lakini mabonge makubwa yenye maumivu ni machache au hayapo.

Tiba ya kwanza huunganisha dawa mbili za kupaka: benzoili peroksaidi, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na adapalini, inayozibua vinyweleo. Dawa hizi hupakwa sehemu yote yenye kutoa chunusi, wala si juu ya kipele kimoja kimoja. Ngozi nyeusi ikiwashwa na kuchubuka huacha madoa yanayodumu kwa miezi, kwa hiyo ni busara kuanza usiku mmoja na kuruka unaofuata. Benzoili peroksaidi huchujua rangi ya nguo. Taulo na foronya nyeupe zitafaa zaidi.

Uvimbe ukiwa mwingi, daktari huongeza vidonge vya doksisaiklini kwa muda wa takriban miezi mitatu. Humezwa kwa maji mengi, na mgonjwa hapaswi kulala mara baada ya kumeza. Ngozi huungua upesi juani wakati wa matumizi yake. Dawa hii haitolewi kwa wajawazito wala watoto wadogo, na haitumiwi bila dawa ya kupaka, kwa kuwa bakteria huizoea. Adapalini nayo huepukwa wakati wa ujauzito. Isotretinoini huwekewa chunusi kali, au zile zinazoacha makovu na kushindikana kwa tiba nyingine. Husimamiwa na mtaalamu, kwani humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni.

Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane, na tiba hupimwa baada ya wiki kumi na mbili. Wengi hukata tamaa katika wiki ya tatu na kurudi kwenye duka la vipodozi.

Krimu za haraka mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli. Uvimbe hutulia kwa siku chache na uso hung'aa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, na mtumiaji anapoiacha krimu, vipele hurudi kwa wingi kuliko awali. Nyingine, zile ziitwazo mkorogo, huwa na haidrokwinoni au zebaki. Zebaki hudhuru figo. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rais Paul Kagame alikemea hadharani vipodozi vya kuchubua ngozi, na kuanzia mapema 2019 maofisa walipita madukani kuvikamata. Hata hivyo, kwa mji ulioshikana na Goma, ambako watu huvuka mpaka kwa miguu kila siku, kikopo kidogo hakikosi njia ya kupita.

Mwenye bima ya Mituweli huanzia katika kituo cha afya cha karibu, ambako anaweza kupewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Gisenyi. Daktari wa ngozi huenda akapatikana mbali zaidi, kwa mfano katika hospitali ya CHUK mjini Kigali. Aende na kila kopo na tyubu aliyowahi kupaka, hata ile iliyochakaa maandishi, na aseme ameitumia kwa muda gani. Aliyepaka steroidi kwa miezi mingi asiiache ghafla kabla ya kumwona mganga, ambaye atamwelekeza namna ya kuipunguza.