VITA YA MTO RUVUMA JUU YA SINIA LA MCHANGA

Juma lililopita tuliagana kwamba kila darasa litafute sinia kubwa, mchanga mkavu, kitambaa cha buluu, korosho, kunde na punje za mahindi. Kama mmekwisha pata, viwekeni mezani. Kama korosho zimekwisha liwa, tumieni kokoto.

Mwageni mchanga, kisha lazeni kitambaa katikati. Huo ndio Mto Ruvuma. Upande wa mashariki kipanueni, maana hapo mto unaingia baharini. Chomekeni vijiti kando zote mbili. Hiyo ni mikoko. Fanyeni mafungu ya mchanga ndani ya maji, kwa kuwa mlango wa Ruvuma una mafungu mengi, na meli kubwa haiwezi kuingia. Kusini ya mlango wekeni jiwe. Hapo ni Kionga.

Wajeremani waliichukua Kionga kwa Wareno mwaka 1894. Mwezi wa Machi 1916 Ujeremani ilitangaza vita juu ya Ureno, na mwezi wa Aprili Wareno wakairudisha Kionga mikononi mwao. Wakaona kazi iliyobaki ni kuvuka mto tu.

Sasa gawaneni. Korosho 40 ziwe Wareno na askari wao, upande wa kusini. Kunde 10 ziwe Wajeremani na askari wao. Zificheni nyuma ya vijiti vya kaskazini, mwenye korosho akiwa amegeuka. Mwenye korosho ana manowari baharini, lakini kabla ya kupiga mzinga lazima ataje kijiti anachokilenga. Akikosea, mzinga umepotea. Kila mtumbwi uchukue korosho tano. Ukifika katikati ya mto, rusheni shilingi: ikiangukia picha umepita, ikiangukia namba korosho zake zimetoka.

Nilipoucheza mara ya kwanza nilichukua korosho, nikijivunia manowari yangu. Mzee mmoja mvuvi alichukua kunde, akanimaliza kabla chai haijachemka.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 27 Mei 1916. Wareno walikuja na manowari Adamastor na boti ya mizinga Chaimite, wakajaribu kuvuka. Wakapigwa risasi kutoka ng'ambo, wakarudi, na watu zaidi ya 30 wameuawa.

Je, mwenye korosho hawezi kushinda? Anaweza, lakini asitazame mto peke yake. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, kisha Mikindani na Lindi. Basi ondoeni kunde mtoni, mzisogeze mbali. Tarehe 19 Septemba Wareno wa Jenerali Ferreira Gil walivuka mto ule ule, wasipate wa kuwazuia.

Hapa wengi hupiga makofi wakidhani mchezo umekwisha. Bado! Magharibi ya sinia fanyeni kilima kirefu: hiyo ni Newala. Chini yake wekeni kikombe cha maji. Waliolelewa Newala hawahitaji kuelezwa sababu. Mwezi wa Oktoba Wareno waliitwaa Newala. Mwezi wa Novemba kunde zikarudi, zikaizunguka. Kila zamu ambayo kunde zimekalia kikombe, toeni korosho moja ngomeni. Wareno waliiacha Newala usiku mwishoni mwa Novemba, wakarudi kusini ya Ruvuma.

Na zile punje za mahindi? Hizo ni wapagazi. Korosho isiyo na punje mbili nyuma yake haisogei hata shubiri moja, maana nani atachukua chakula na risasi? Kunde nazo ni hivyo hivyo. Wapagazi walichukuliwa vijijini, pande zote mbili za mto, na njaa na maradhi viliwaua wengi kuliko risasi. Mchezo ukiisha, zihesabuni punje zilizoanguka. Kama darasani yupo mtu aliyesimuliwa na wazee wake habari za upagazi ule, mwacheni aseme kwanza, ndipo mkung'ute sinia.