Kovu la Mkononi

Msomaji kijana, ukikutana na mzee aliyezaliwa kabla ya mwaka 1970, mwombe kwa adabu akuonyeshe mkono wake karibu na bega. Huenda ukaona hapo kovu dogo la mviringo, lililobonyea kidogo. Usilidharau. Kovu hilo ni waraka wa historia ulioandikwa juu ya ngozi, nami nataka tuusome pamoja.

Zamani palikuwa na maradhi ya kutisha yaliyoitwa ndui. Yaliletwa na virusi, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo aghalabu viliingia mwilini kwa pumzi. Baada ya siku 12 hivi mgonjwa alishikwa na homa kali. Kisha vipele vilimtoka usoni, mikononi na miguuni. Vikajaa usaha, vikakauka, vikabanduka. Katika ndui iliyo kali, kila wagonjwa 10 walikufa 3 hivi. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka.

Walakini watu waliona jambo moja la ajabu: aliyeugua ndui akapona, kwa kawaida hakuugua tena. Mwili wake ulikuwa umemjua adui, na damu yake iliihifadhi kumbukumbu hiyo.

Huko Berkeley, nchini Uingereza, alikuwako tabibu jina lake Edward Jenner. Alisikia wakulima wakisema kwamba wakamuaji walioambukizwa ndui ya ng'ombe, iliyowatoa malengelenge machache mikononi, hawapatwi na ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa maji ya lengelenge kutoka mkono wa mkamuaji Sarah Nelmes, akayatia katika mchanjo mdogo mkononi mwa James Phipps, mtoto wa miaka 8. Mtoto alipata homa kidogo, akapona. Mwezi wa Julai Jenner alimtia usaha wa ndui yenyewe, na mtoto asiugue. Leo hapana tabibu angeruhusiwa kumjaribu mtoto namna hiyo, lakini jaribio lile lilifungua mlango.

Waona, msomaji, siri yake? Virusi vya ndui hizo mbili ni ndugu. Mwili uliojifunza kupigana na yule mpole uliweza kumshinda yule mkali. Kipele kilichotokea mahali pa mchanjo hakikuwa alama ya kushindwa. Kilikuwa kiwanja ambapo askari wa damu walifanya mazoezi ya vita. Kovu lililobaki lilishuhudia kwamba somo limeeleweka. Nasi Waswahili twaiita kinga hiyo chanjo, kwa sababu ngozi ilichanjwa.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilizidisha juhudi za kuifukuza ndui duniani kote. Miaka 10 baadaye maradhi hayo yalikuwa yamebakia katika pembe yetu hii ya Afrika. Katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, alikuwako mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua watoto wawili wagonjwa, ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, lakini ilitosha. Alipougua, kwanza walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga. Kumbe ni ndui. Watu zaidi ya 50,000 walichanjwa upesi, na maradhi hayakumpata mwingine. Maalin alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui nje ya maabara. Tarehe 8 Mei 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha.

Maalin hakuificha aibu yake. Baadaye alizunguka Somalia akihimiza wazazi wawapatie watoto kinga ya polio, akiwasimulia jinsi woga wake ulivyomponza. Alikuwa katika kazi hiyo hata alipofariki mwaka 2013.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi siku utakapoitwa kuchanjwa, nawe ukaona moyo wasita, mkumbuke mpishi wa Merka. Wewe huna kovu la ndui begani, wala huna haja nalo, kwa kuwa mamilioni waliokutangulia walikubali kuumia kidogo.