Mibuyu ya Ruaha Mbuyuni: shoka liliiacha, jembe je?

Ukimaliza kona za Kitonga ukielekea Dar, joto linakupokea na mibuyu inaanza. Wengi wetu tunaipiga picha dirishani, tunanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, safari inaendelea. Siku moja shuka. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, iko jirani, lakini mimi nakushauri uanzie mashambani. Piga hodi kwanza, ni mashamba ya watu!

Utakuta mibuyu imesimama kimya katikati ya vijaruba vya vitunguu. Ukiuliza umri, kila mtu anataja maelfu. Si kosa letu peke yetu. Michel Adanson, Mfaransa aliyeachia mbuyu jina la kisayansi, *Adansonia digitata*, aliiona Senegal mwaka 1749, akaja kukadiria kwamba mingine imefikisha zaidi ya miaka 5,000. Alizidisha. Kuhesabu pete za shina hakusaidii sana, maana mbuyu mkubwa mara nyingi una uwazi ndani, na pete zake si za kuaminika. Unene nao unadanganya: shina hunywea wakati wa ukame. Ndiyo maana siku hizi watafiti hupima kaboni 14, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730 hivi. Mbuyu wa Panke, Zimbabwe, ulikutwa na miaka kama 2,450. Nao umeshakufa.

Sasa, kwa nini mkulima auache mti unaomlia nafasi? Hadithi za mizimu zipo, ila mimi naona sababu kubwa ni kwamba mbuyu haufai kwa mbao wala mkaa. Ni laini, umejaa maji. Shoka linaupita linatafuta mti mwingine. Halafu kuna ubuyu na kivuli.

Kilichonisumbua ni kingine. Nilizunguka asubuhi nzima nikitafuta mbuyu mchanga, sikuona hata mmoja. Nikamwendea mwenye shamba.

"Shikamoo mzee. Miche ya mibuyu huwa inaota hapa?"

"Marahaba. Haioti, mwanangu."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Mche wa mbuyu huanza na majani ya kawaida, moja moja. Yale ya vidole kama kiganja huja baadaye. Akaitazama muda mrefu.

"Kumbe ndiyo huu? Huu tunaupalilia kila msimu."