Mlima Unapoteremka

Sisi watu wa Kintinku tunaishi sakafuni mwa Bonde la Ufa. Magharibi yetu umesimama ukuta wa bonde, na reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914, huupanda kuelekea Manyoni. Theluji hatuijui. Lakini ule msiba wa nchi za baridi, yaani mlima kuwateremkia watu, si mgeni katika nchi yetu.

Tarehe 31 Mei 1970, tetemeko la ardhi liliangusha barafu na mawe ya mlima Huascarán nchini Peru, na mji wa Yungay ukafukiwa. Baadhi ya walionusurika ni wale waliokimbilia kilima cha makaburi.

Tarehe 3 Desemba 2023 zamu ikawa ya Mlima Hanang, kaskazini mwetu. Hapakuwa na barafu, wala volkano haikulipuka. Mvua kubwa ililowesha udongo na miamba dhaifu, na tope likashuka na mawe na magogo hadi mjini Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Misiba hii ina undugu. Theluji huporomoka pale tabaka zito linapolala juu ya tabaka dhaifu, hasa kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45. Udongo ulioshiba maji nao huachia vivyo hivyo. Ndiyo maana wasafiri wa nchi za theluji huchimba shimo na kuyakagua matabaka kabla ya kuvuka mteremko.

Kwetu husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huo hufariji msibani, lakini haufai kuwa mwongozo wa kujenga nyumba. Tunapenda kukaa chini ya milima kwa sababu ardhi yake ina rutuba, na rutuba hiyo imeletwa na maji kutoka juu. Njia iliyoleta udongo mwema ndiyo hiyo hiyo itakayoleta tope.

Kwa hiyo kijana akiniomba ushauri wa kiwanja, simsifii kwanza weusi wa udongo. Namwambia atazame makorongo yanaelekea wapi, awaulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, na ajiulize lile jiwe kubwa lililolala peke yake shambani lilifikaje pale.