Mbuzi wa Bibi na Muhtasari wa Mkutano

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa kusini, alinisimulia mkasa wa bibi yake. Mbuzi wa ajuza huyo aliingia katika shamba la mbaazi la jirani. Mgambo wakaja, wakamtoza bibi faini. Akauliza swali moja tu: "Sheria hii tuliipitisha lini?" Hakuna aliyemjibu. Nami naliona swali hilo kuwa la historia kabla ya kuwa la mahakama.

Tuitazame Chinongwe, iliyokuwa chini ya Nachingwea na sasa imo wilayani Ruangwa. Katika ukanda huu mbung'o walizuia ufugaji mkubwa wa ng'ombe. Mifugo ya nyumbani ilikuwa hasa kuku na mbuzi, na kaya nyingi ziliishi kwa kutawanyika, karibu na mashamba yao. Kuku akifukua mbegu, mara nyingi alifukua za mwenyewe.

Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, iligeuza hali hiyo. Kaya zilikusanywa, nyumba zikasogeleana, na kuku wa mmoja akawa mgeni wa kila siku katika bustani ya mwingine. Ugomvi uliokuwa ukimalizwa na wazee wa ukoo ukahitaji chombo kipya. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikaleta halmashauri ya kijiji, Sheria Na. 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ikaipa uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Uwezo huo una masharti. Rasimu hufikishwa kwanza mbele ya mkutano wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Pasipo hatua hizo, agizo la mtendaji halijawa sheria ndogo.

Jambo hili lilizidi uzito baada ya 2006, wafugaji walioondolewa bonde la Usangu walipoelekezwa Lindi na kwingineko pamoja na ng'ombe wao. Kanuni isiyojulikana haimlindi yeyote: mkulima wa ufuta hajui adai fidia wapi, mfugaji hajui akate rufaa kwa nani.

Ndugu watumishi wa umma, kabla ya kuandika stakabadhi ya faini, onyesheni muhtasari wa mkutano uliopitisha sheria hiyo. Nanyi wananchi, ulizeni kama alivyouliza bibi yule.